Barua ya wazi kwa VETA: Mfuateni utingo chini ya lori

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA),
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mwaka 2004, kabla hatujaanza kuteremka Kitonga, Canter niliyokuwa nikiendesha ilikata springi ya nyuma kulia. Tulikuwa tumejaza matenga ya nyanya za Ilula. Tulikuwa wawili, mimi na utingo wangu, kijana ambaye mama yake alinikabidhi kwa mdomo wake mwenyewe. Nilipaki pembeni, pua ya gari ikitazama bondeni. Nikavuta breki ya mkono hadi mwisho, nikaacha gia ya rivasi ndani, tukatafuta jiwe la ukubwa wa nazi tukalikinga mbele ya tairi la mbele. Tukavunja matawi tukayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Kijana akaweka jeki chini ya ekseli, akapandisha tairi la kulia mpaka likaning'inia, akajilaza chini alegeze yubolti. Gari likaondoka.

Halikwenda mbali. Liliangusha jeki, likapanda lile jiwe likalipita, likakwama kwenye ukingo wa barabara. Siku tatu baadaye kijana alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti.

Kwa miaka 11 niliamini kwamba kosa langu lilikuwa ni udogo wa jiwe. Ni kweli jiwe lilikuwa dogo. Lakini mwaka 2015 nilikuwa Makambako nikisubiri kubadilishiwa klachi, na fundi mmoja mzee akaniita chini ya gari. Akanionyesha drami ndogo iliyofungwa nyuma ya giaboksi, pale propela shafti inapoanzia. "Breki yako ya mkono ni hii," akasema, "haikamati matairi, inakamata propela." Akaniambia nipandishe matairi yote mawili ya nyuma, nivute breki, kisha nilizungushe moja kwa mkono. Likazunguka kama halina breki, na la upande wa pili likazunguka kinyume. Ndivyo difu ilivyotengenezwa. Propela ikifungwa, matairi mawili ya nyuma bado yanaweza kuzunguka, moja mbele, jingine nyuma. Yakiwa yote mawili chini, ardhi inayazuia yasipishane, na gari linatulia. Ukiinua moja tu, lililobaki chini linakuwa huru, na gari linateremka breki ikiwa imevutwa na gia ikiwa ndani, kwa sababu gia nayo inaishia kwenye propela ile ile.

Niliketi pale chini nikalia, Ndugu Mkurugenzi, mbele ya watu. Maneno ambayo yangeuokoa mguu wa yule kijana yanatosha kuandikwa kwenye kiganja cha mkono. Sikufundishwa nilipojifunza kuendesha, waajiri hawakuniambia, na mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

Nawaandikia ninyi kwa sababu kazi ya kufundisha ufundi ni yenu kwa sheria tangu mwaka 1994, na kwa sababu najua mna utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa watu walioupata nje ya darasa. Utaratibu huo naupenda kwa dhati. Ila utingo hayupo mjini kusoma tangazo lenu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na maisha yake yapo humo: Misugusugu, Chalinze, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Makambako. Anajifunza kwa dereva, na dereva alijifunza kwa dereva mwingine, na makosa yanarithishwa pamoja na ujuzi.

Najua ushauri unaotolewa: gari likiharibika lipelekwe gereji, na gereji bubu zifungwe. Wanaosema hivyo wanatutakia mema. Lakini mfikirieni mtu aliyekatikiwa sentabolti ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita katikati ya wanyama kwa takriban kilomita 50, jua linazama, mzigo wa Lubumbashi umepigwa sili na haruhusiwi kuufungua hata apunguze tani moja. Huyo atatengeneza pale pale. Ametengeneza tangu enzi za baba zetu na kesho atatengeneza tena. Swali ni kama tutamwacha aingie chini ya chuma bila kujua.

Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ekseli tatu za tela zilizoandamana zinaruhusiwa tani 24. Maana yake kila ncha ya ekseli inabeba kama tani 4, na ndizo anazozining'iniza utingo juu ya jeki moja, mara nyingi jeki inayovuja, juu ya udongo wa pembeni ulionyeshewa mvua. Jeki kazi yake ni kuinua. Mpira wake wa ndani ukichanika mafuta yanarudi na mzigo unashuka, wala hautoi hodi. Cha kushikilia mzigo ni stendi ya chuma yenye uwezo wa uzito huo, au magogo ya mti mgumu yaliyokatwa mraba na kupangwa kwa kupishana, mawili hivi, mawili vile, juu ya ubao mpana. Mawe hayafai, kwa maana jiwe likielemewa hupasuka ghafla, na tofali ni baya zaidi.

Halafu kuna namna ya kuinua yenyewe, na hapa wengi wetu tunakosea. Ukiinua ekseli peke yake, springi inabaki imebeba mzigo wote, na ukifungua yubolti katika hali hiyo unafungua upinde uliovutwa. Anayetaka kutoa springi ainue chesisi mpaka springi ining'inie bila kubeba kitu, aishushe chesisi juu ya stendi, kisha ekseli aiwekee jeki yake ya pembeni ya kuipandisha na kuishusha ikae sawa. Kabla hajafungua sentabolti ayabane majani yote ya springi kwa klampu, maana yakiachiwa huruka. Na kabla ya hayo yote matairi ya ekseli nyingine yawekewe kabari, mbele na nyuma, pande zote mbili.

Yubolti zilizokwisha kukazwa na kutumika zisirudishwe. Uzi wake umeshavutika, hazitashika tena kama mwanzo, na yubolti ikilegea ndipo sentabolti inapokatwa, ekseli inasogea, na gari linatembea ubavu kama kaa. Tunapenda kulaumu sentabolti wakati kosa limeanzia juu yake. Mpya zikazwe kwa kupishana pembe, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Nati za tairi nazo ni vivyo hivyo, baada ya kilomita 50 hadi 100. Jani la springi lililovunjika lisichomelewe: chuma kile kilipewa unyumbufu wake kwa moto wa kipimo, na moto wa kuchomelea unauharibu, kwa hiyo litakatika tena kando ya weldi, pengine kwenye kona, pengine usiku.

Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni busta. Kwenye malori yanayotumia breki za upepo, yale makopo ya ekseli za nyuma ndani yake imekandamizwa springi nene yenye nguvu inayokaribia tani moja. Ndiyo inayoshika gari upepo ukiisha. Nimeona vijana wakilifungua kopo hilo kwa tindo na nyundo, uso ukiwa juu yake. Springi ile ikitoka inaua. Ipo bolti maalumu ya kuifungia ndani kabla ya kugusa chochote, na makopo mengi yanakuja nayo ikiwa imepachikwa ubavuni. Wengi wanadhani ni bolti ya akiba. Onyo limeandikwa pale pale kwenye kopo, kwa Kiingereza. Kijana anayelifungua alisoma hadi darasa la saba, Kiswahili anakisoma vizuri kabisa.

Hivyo ombi langu la kwanza ni karatasi. Kijitabu kidogo cha Kiswahili cha lugha yetu ya barabarani, chenye michoro, kinachosema jeki, busta, yubolti, difu, bila kutafuta maneno ambayo hakuna fundi anayeyatumia. Kiwekwe plastiki kisilowe mafuta. Kikae ndani ya kabini pamoja na bima.

La pili, njooni. Vyuo vyenu vipo Morogoro, Iringa na Mbeya, vyote kwenye njia hii hii. Mwalimu mmoja na lori bovu moja kwenye maegesho, siku mbili kila mwezi, jioni, malori yanapolala. Msidai cheti cha kidato cha nne. Mwisho wa siku ya pili mpimeni kila mmoja kwa vitendo, na anayeweza mpeni karatasi inayosema anaweza, ili tajiri anayemwajiri aone tofauti. Wapo wazee chini ya miembe wenye ujuzi kama wa yule wa Makambako. Waajirini kwa siku hizo mbili, msiwaite wa gereji bubu.

Na kuna jambo ambalo karakana zenu za useremala zinaweza kuanza nalo wiki ijayo. Vijana wanaojifunza kukata mbao wakate kabari na magogo. Kila utingo anayemaliza mafunzo aondoke na kabari nne na magogo manane. Mkaguzi wa magari akipita aulize, "Kabari ziko wapi?" kama anavyouliza kizima moto.

Kuhusu lori la kufundishia, msihangaike kulitafuta. Mwenye ile Canter aliniuzia mwaka 2009. Injini imekufa, ila difu, propela na ile drami ya nyuma ya giaboksi vyote ni vizima. Ipo Ilula, nyuma ya nyumba yangu, juu ya magogo. Ninawapa bure. Aliyekatwa mguu siku hizi ana duka la spea hapa hapa Ilula, na amekubali kuja kusimama kando yake, tairi moja likiwa juu, awaeleze wanafunzi ilivyokuwa. Leteni gari la kuivuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva mstaafu,
Ilula, Iringa.