Picha ni Namba, Mshikaji!

Wiki hii sina utani sana. Tulipompoteza bibi, picha yake nzuri ilikuwa moja tu, niliyompiga mwenyewe kwa simu. Simu nilishaiuza, ikabaki nakala niliyomtumia dada kwa meseji. Nikakimbilia steshenari: "Kaka, ikuze ijae fremu kubwa!" Lo! Ikatoka viraka viraka, macho ya bibi hayaonekani.

Nikataka kumvaa jamaa wa mashine. Kumbe mchawi mimi! Picha ya kompyuta ni namba. Imegawanywa vidoti, vinaitwa pikseli, na kwa kawaida kila kidoti kina namba tatu, kuanzia 0 hadi 255: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Mwaka 1957 kule Marekani, Russell Kirsch aliingiza kwenye kompyuta picha ya mwanaye mchanga: vidoti 176 kwa 176, jumla 30,976, basi. Kuikuza ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria inajaa, nyama ni zilezile.

Programu nyingi za meseji hupunguza namba ili picha iende fasta. Zikishatupwa, hazirudi. Lakini ukinakili namba zote, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, haichujuki.

Kwa hiyo picha ya mzazi itume kama faili, tena kabla hujauza simu. Bibi tumemchapa kadogo, saizi ya pasipoti. Hapo anaonekana, anacheka.

Tukutane wiki ijayo!