Uingereza inazima simu za mezani, mashine za kadi za maduka madogo zitapona?

Januari 31, 2027 Uingereza itazima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani. Simu zote zitapita kwenye intaneti. Kwa wengi hiyo ni habari ya simu ya bibi iliyokaa sebuleni. Lakini kwa vinyozi, maduka ya chipsi na samaki na maduka ya mtaani ambayo bado yana mashine za zamani, laini hiyohiyo ndiyo inayobeba malipo ya kadi.

Tarehe hiyo ilishasogezwa mara moja. Mwanzoni ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa Mei 2024. Kilichotisha zaidi ni vile vifaa vya dharura vya wazee na wagonjwa, unabonyeza kitufe kinapiga simu ya msaada. Baadhi viligoma baada ya laini kuhamishiwa kwenye intaneti. Tangu Septemba 2023 laini mpya za aina ya zamani haziuzwi tena.

Mashine za kadi hazijapigiwa kelele kama hizo.

Kwa nini inagoma

Mashine ya kadi ya zamani kimsingi ni simu. Ukichomeka kadi, inapiga namba, halafu inatoa milio. Ndani ya milio hiyo ndimo zilimo taarifa za kadi na kiasi cha pesa. Benki nayo inajibu kwa milio.

Simu ya intaneti haibebi mlio kama ulivyo. Inaukata vipande vidogo vidogo, wakati mwingine inaubana ili usile intaneti nyingi, kisha upande wa pili vipande vinaunganishwa. Kipande kimoja kikipotea, sikio la mtu halistuki. Mashine inastuka, na malipo yanakataa.

Kinachoudhi ni kwamba haigomi kila wakati. Asubuhi inakubali vizuri tu, mchana watu wakijaa kwenye intaneti inakataa mara mbili mfululizo. Mteja anaona aibu, anadhani kadi yake haina hela. Mwenye duka anadhani mashine imekufa.

Na kishawishi kipo, maana ruta nyingi zina tundu la simu kwa nyuma. Unachomeka waya uleule wa mashine, taa inawaka, unaona mambo yameisha. Kumbe hapo umeingia pia kwenye suala la usalama, kwa sababu kanuni za kampuni za kadi, PCI DSS, zinagusa kila njia inayopitisha taarifa za kadi, simu ya intaneti ikiwemo.

Sasa nani alipaswa kumwambia haya? Kampuni ya simu inajua laini, haijui kila kilichochomekwa kwenye laini hiyo. Aliyekodisha mashine anajua mashine, hajui laini inahamishwa lini. Benki iko mbali zaidi. Mwenye duka yuko katikati, na ndiye anayepoteza mauzo.

Kila kitu kwenye ruta moja

Hata duka likinunua mashine mpya, kuna jambo jingine. Simu, kadi na kengele ya wezi vyote vinategemea ruta moja. Ruta ikizima, vyote vinazima. Msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, anataka wanaotegemea simu ya mezani waweze kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Kuuza mkate kwa kadi hakumo.

Kanada ililionja hilo Julai 8, 2022. Mtandao wa Rogers ulianguka, na malipo ya kadi za benki kupitia Interac yakakwama nchi nzima. Novemba 8, 2023 ikawa zamu ya Australia: Optus ilizimika kwa saa nyingi, na maduka yaliyokuwa kwenye mtandao huo yakabaki kuomba pesa taslimu.

Afrika Mashariki iliiruka hatua ya waya. Mashine nyingi huku zilikuja na laini ya simu ndani, na maduka mengi yanapokea kwa namba ya Lipa. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Kutokuwa na waya wa simu dukani hakukusaidia kitu.

Cha kuangalia kabla ya kusaini

Kwa duka dogo la Uingereza, njia yenye nafuu ni mashine inayotumia intaneti moja kwa moja, na ndani yake kuwe na laini ya simu ya kampuni tofauti na ile ya ruta. Muhimu iwe ya 4G. Mitandao ya 3G huko imekuwa ikifungwa, na 2G imepangwa iwe imeondoka ifikapo 2033. Anayekodi leo mashine ya 2G kwa sababu ni rahisi, atahama tena.

Mkataba nao usomwe. Tangu Januari 2023 watoa huduma wakubwa hawaruhusiwi kufunga duka kwenye kodi ya mashine kwa zaidi ya miezi 18. Ukiletewa karatasi ya miaka minne, uliza kwanza anayekukodisha ni nani.