TAHARIRI: Siro ya kikohozi si chai ya kumnywesha mtoto kila usiku

Mvua zikianza Bukavu, Goma au Butembo, watoto wanaanza kukohoa na biashara ya siro inachangamka. Mzazi anafika famasia, anaomba "ya kikohozi", analipa na kwenda. Mara nyingi hakuna anayemuuliza mtoto ana umri gani wala ana kilo ngapi. Tunasema wazi kwamba mazoea haya ni ya hatari, na lawama si ya wazazi peke yao.

Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi. Yanaisha yenyewe kwa wiki moja hivi, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au tatu. Siro haifupishi siku hizo. Ndiyo maana Marekani inashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe dawa hizi, na Uingereza tangu mwaka wa 2009 imezizuia kwa walio chini ya miaka 6. Baadhi yake zina prometazini, ambayo kwa mtoto wa chini ya miaka 2 inaweza kuzuia pumzi. Nyingine zina kodeini, na Ulaya mwaka wa 2015 ilikataza kodeini ya kikohozi kwa watoto wa chini ya miaka 12. Lakini kwetu siro inasifiwa hasa kwa sababu "inalaza mtoto". Usingizi huo ni wa dawa, mafua bado yako palepale.

Hesabu ya kijiko nayo inaumiza wengi. Mtoto wa kilo 10 anahitaji paracetamol miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Siro yenye miligramu 120 katika mililita 5 inamtosha kwa kijiko kimoja kidogo cha kipimo. Mama akitumia kijiko kikubwa cha mezani, chenye mililita 15, amempa miligramu 360. Na siro nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Mzazi anampa mtoto dawa ya homa, kisha ya mafua, bila kujua kwamba ametoa dawa ileile mara mbili. Ini la mtoto ndilo linaloharibika. Famasia inayouza siro bila kikombe au sindano ya kupimia imeuza nusu ya dawa.

Kisha kuna swali la kilicho ndani ya chupa. Mwaka wa 2022 nchini Gambia, watoto karibu 70 walikufa, na vifo vyao vikahusishwa na siro zilizochanganyika na dietilini glikoli, kemikali ya viwandani yenye utamu. Mwaka wa 2023 OMS ilitoa tahadhari juu ya siro iliyokutwa Cameroon ikiwa na asilimia 28,6 ya sumu hiyo, wakati kiwango kisichopaswa kupita ni asilimia 0,10. Sumu hiyo inaua figo: mtoto anatapika, anaumwa tumbo, anaacha kukojoa.

Kivu inapokea dawa kupitia mipaka mingi, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiingereza ambayo mzazi wa Uvira au Beni hasomi. Kazi ya kuzichunguza ni ya ACOREP, na katika miji iliyo mikononi mwa AFC/M23 tangu mwaka wa 2025 wazazi hawajui wamlalamikie nani. Sisi tunaona hivi: anayetoza ushuru kwenye katoni ya dawa, awe nani, ana wajibu wa kujua kilichomo. Dawa za kwenye sinia sokoni, zilizopigwa jua tangu asubuhi, tusizinunue hata zikiwa za bei ndogo.

Kwa kikohozi chepesi, mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa asali kijiko kidogo kabla ya kulala. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa; aendelee kunyonya, na pua isafishwe kwa maji ya chumvi ya famasia. Antibiotiki hazitibu mafua.

Mtoto mwenye homa na kikohozi apimwe malaria. Panzi, katika Kwango, mwishoni mwa 2024, ugonjwa uliotisha nchi nzima ulikutwa kuwa na malaria kali ndani yake, pamoja na magonjwa ya kifua na utapiamlo. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Zikifika hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, au asipokojoa, msingoje asubuhi. Nendeni kituo cha afya, na chupa ya siro muibebe, kwa maana muganga atataka kuiona.