KAZI ZA MIKONO: Kitanzi Kilichoponyoka

Kufuma kimia kwa sindano mbili ni kazi ya subira. Katika nguo ya kawaida kila tundu ni kosa, bali katika kimia matundu ndiyo urembo wenyewe. Kwa hiyo kitanzi kimoja kikiponyoka sindanoni, mfumaji aweza kupita safu kumi asitambue, kwa kuwa tundu la kosa limejificha kati ya matundu ya haki. Siku ya kufua kitanzi hicho huzidi kushuka, na shali iliyokula mwezi mzima ikaonekana ina mpasuko kama ngazi.

Hasara yake si ndogo. Mwanamke wa Garissa afumaye shali kwa ajili ya mnunuzi aliye Nairobi, ambako mwezi wa Julai una baridi, amekwisha toa fedha za uzi, na pengine amekwisha pokea sehemu ya malipo. Akilificha kosa atampoteza mnunuzi. Akifumua kazi yote atapoteza mwezi wake. Yafaa basi ajue njia iliyo katikati.

Akina mama wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kuambiwa thamani ya kazi hizi. Nyumba ya wafugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa na wanawake, na wakati wa kuhama hupakiwa juu ya ngamia. Viko pia vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea, vikabanwa hata maziwa yasivuje. Asukaye chombo kama hicho hawezi kuacha mahali palipolegea akitumaini kuparekebisha baadaye. Kanuni ya kimia ni hiyo hiyo.

Kwanza, mikono itulie. Kazi ilazwe juu ya meza au mkeka, isivutwe wala isikung'utwe, maana kila mvuto hushusha kitanzi safu nyingine. Kitanzi kishikwe mara moja kwa pini au kwa kipande cha uzi. Sufu ina manyoya yanayoshikana, nacho kitanzi chake hushuka polepole. Uzi wa pamba, ufaao katika nchi ya joto, ni laini na huteleza upesi. Sindano za chuma nazo huteleza kuliko sindano za mti.

Pili, zihesabiwe nyuzi zilizolala juu ya kitanzi mfano wa vidato vya ngazi. Kila kidato ni safu moja. Ikiwa mahali hapo hapana matundu ya urembo, dawa ni rahisi. Sindano ya kroshia huingizwa katika kitanzi kutoka mbele, ikakamata kidato kilicho juu yake, ikakivuta kipite ndani ya kitanzi. Hapo kidato kimekuwa kitanzi kipya. Ifanywe hivyo kidato baada ya kidato, bila kuruka hata kimoja, kisha kitanzi cha mwisho kirudishwe katika sindano ya kushoto pasipo kupindwa.

Tatu, mahali penye matundu pataka akili zaidi. Tundu hupatikana kwa kuzungusha uzi juu ya sindano, na hivyo kitanzi kimoja huongezeka. Karibu yake vitanzi viwili hufumwa pamoja, ili hesabu irudi ile ile. Kwa hiyo hesabu ikipungua moja, mfumaji atazame kwanza kama alisahau kuzungusha uzi katika safu iliyotangulia. Ikiwa ndivyo, hakuna kilichoponyoka: auinue kwa ncha ya sindano uzi ulio kati ya vitanzi viwili, nao utakuwa kitanzi kilichopungua. Lakini ikiwa kitanzi kimeshuka kupita mahali ambapo viwili vilifumwa pamoja, ni heri kufumua sehemu ya ua hilo tu mpaka safu iliyo nzima. Vitanzi vya kando vishikwe kwa pini, kisha ua lifumwe upya kwa vidato vile vile, kuanzia cha chini kabisa.

Nne, iko kinga inayopita dawa zote, nayo ni uzi wa akiba. Kila ua linapokwisha, uzi mwembamba wa rangi nyingine hutiwa katika sindano ya kushonea, ukapitishwa ndani ya vitanzi vyote vilivyo sindanoni, ukaachwa humo. Baya likitokea mbele, kazi hufumuliwa mpaka kwenye uzi huo, wala haipiti hapo. Kinga hiyo yafaa hata kwa kazi nyembamba mno, kama zile shali za Shetland na za Orenburg, zisifiwazo kwa kupita katika pete ya arusi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Uzi wa akiba huziba ufa kabla haujatokea.

Kabla ya kuifua shali, iinuliwe penye mwanga na kila ua lilinganishwe na jirani yake. Kitanzi kilichogunduliwa wakati huo kisiachwe. Kikamatwe kwa uzi wa rangi ya shali, kifungwe upande wa nyuma, naye mnunuzi aonyeshwe mahali hapo kabla hajalipa. Aliyeonyeshwa kosa lililotengenezwa ataagiza tena. Aliyelivumbua mwenyewe nyumbani kwake hatarudi.