Serikali Isiyopiga Hodi

Katika miji ya pwani, na hata bara, mgeni hupiga hodi. Akiipiga mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka, wala hamlaumu mwenye nyumba kwa kunyamaza. Desturi hii ni kongwe kuliko serikali zote zitawalazo Afrika ya Mashariki leo. Maana yake ni kwamba nyumba ina mwenyewe, na idhini ya kuingia haitoki kwa yule aingiaye. Simu imeuvunja mpango huu bila kishindo. Atakaye kuyasikia maneno ya nyumbani kwa mtu hahitaji tena kujibanza dirishani gizani kama mdukizi wa zamani, ambaye angalau alijitia katika hatari ya kuumwa na mbwa. Hukaa kitini mbali, akasikia yote, na mwenye nyumba asijue kuwa ana mgeni.

Wapo wasemao kuwa jambo hili halina uzito. Asiye na hatia, husema, hana la kuficha. Hoja hii hupendwa na mawaziri wa kila nchi, na ila yake kubwa ni kuwa si kweli. Mtu asiye na hatia ana mengi ya kuficha: maradhi yake, deni lake, posa iliyokataliwa, ugomvi wake na mkwewe, jina la chama atakachokipigia kura. Wakili ana siri ya mteja wake. Mwandishi wa gazeti ana siri ya mtu aliyemletea habari. Wala hao mawaziri hawajapata kuyachapisha mazungumzo yao ya simu magazetini ili kuuthibitisha usafi wao.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya usalama. Dola ina wajibu wa kulinda roho za watu, na muuaji hapangi mauaji kwa kupiga mbiu. Hili ni kweli, na mtetezi wa uhuru asiyelikubali hastahili kusikilizwa. Lakini hoja hiyo yathibitisha tu kwamba mara nyingine yafaa simu ya mtu isikilizwe. Haithibitishi hata kidogo kwamba yule atakaye kusikiliza ndiye afaaye kujipa ruhusa. Mambo haya mawili huchanganywa kwa makusudi, na katika mchanganyiko huo ndimo uhuru unamopotelea.

Marekani ni mfano ufaao kuchunguzwa. Si kwamba nchi hiyo ni mwalimu wa haki, bali makosa yake yameandikwa na yanasomeka. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilihukumu shauri la Roy Olmstead, aliyekuwa ofisa wa polisi mjini Seattle kisha akawa tajiri wa pombe ya magendo. Maofisa wa serikali walikuwa wameziunganisha nyaya zao na nyaya za simu bila kuingia nyumbani kwake. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kuwa, kwa kuwa hapana mlango uliovunjwa, hapana upekuzi uliofanywa. Jaji Brandeis alipinga, akaonya kwamba serikali ingekuja kupata njia za kuzifikia siri za mtu pasipo kuufungua mtoto wa meza yake. Taifa lilingoja hata mwaka 1967, katika shauri la Katz, mcheza kamari aliyenaswa sauti ndani ya kibanda cha simu mjini Los Angeles, ndipo mahakama ile ile ikakiri kuwa Katiba hulinda watu, si kuta. Miaka 39 ilipita katikati. Yafaa kujiuliza ni kitu gani kilifanywa katika miaka hiyo.

Jibu moja latosha. Mwezi wa Oktoba mwaka 1963, Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliidhinisha simu za Martin Luther King zisikilizwe. Sababu iliyotolewa ni ya usalama: mshauri mmoja wa King alishukiwa kuwa mkomunisti. Hapana jaji aliyeulizwa. Baada ya simu vikafuata vyumba vya hoteli, na mwaka 1964 Idara ya Upelelezi, iliyokuwa chini ya J. Edgar Hoover, ikampelekea King kanda ya sauti zilizonaswa humo, pamoja na barua isiyo na jina iliyomtisha kwa maneno ambayo yeye mwenyewe aliyaelewa kuwa yamtaka ajiue. Mtu huyo alikuwa amekwisha kutangazwa mshindi wa Nishani ya Nobeli ya Amani. Mambo haya yalifunuliwa na kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Frank Church katika miaka ya 1975 na 1976. Basi watu wasemao kuwa maofisa waaminiwe kwa sababu ni waungwana wangefanya vema kukumbuka kwamba Kennedy alihesabiwa miongoni mwa waungwana.

Kutokana na aibu hiyo ilizaliwa sheria ya mwaka 1978, iliyounda mahakama ya siri ya kutoa vibali vya kuwasikiliza wapelelezi wa kigeni. Hapa pana la kujifunza kwa pande zote mbili. Tangu ilipoanza kazi hata mwisho wa mwaka 2012 mahakama hiyo ilipokea maombi zaidi ya 33,000, na yaliyokataliwa kabisa ni 11. Watetezi wake husema kuwa maombi mengi hurekebishwa kabla ya kukubaliwa, na yumkini ni hivyo. Hata hivyo, mlinzi wa mlango ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amewarudisha wageni 11 hana haki ya kulalamika akiitwa msukuma mlango. La kustaajabisha zaidi ni kuwa hata mlango huo laini ulionekana mgumu. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 Rais George W. Bush aliamuru baadhi ya mazungumzo yasikilizwe bila kuipitia mahakama hiyo, na taifa halikujua mpaka gazeti la New York Times lilipotoa habari hiyo mwezi wa Desemba mwaka 2005. Mwaka 2008 Bunge halikuwaadhibu waliohusika. Lilitunga sheria iruhusuyo mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani yanaswe bila kibali cha jaji kwa kila mtu, na mwaka 2024 likairefusha sheria hiyo kwa miaka miwili.

Neno hilo, wageni walio nje, lapasa kusomwa polepole na msomaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam, kwani yeye ndiye anayetajwa. Na jambo lenyewe halikuanza mwaka 2008. Kuanzia mwezi wa Agosti mwaka 1996 wapelelezi wa Marekani walisikiliza simu kadhaa mjini Nairobi zilizotumiwa na Wadih el-Hage, mzaliwa wa Lebanoni na raia wa Marekani, aliyeshukiwa kuwa mtu wa Osama bin Laden. Idhini ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ilipatikana mwezi wa Aprili 1997, yaani baada ya miezi minane ya kusikiliza. Mwezi wa Agosti mwaka huo nyumba yake ilipekuliwa. Hati iliyoonyeshwa mlangoni ilikuwa hati ya Kenya ya kutafuta mali ya wizi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224, ambao wengi wao kabisa walikuwa Waafrika waliokuwa kazini mwao au wakipita njiani.

Hapana awezaye kuandika juu ya shauri hili kwa wepesi. Shaka ya wapelelezi ilikuwa ya haki, na mwaka 2001 mtu huyo alitiwa hatiani mjini New York. Lakini kwa sababu hiyo hiyo shauri hili lawapinga wale walitumialo kama ngao. Ushahidi wa shaka ulikuwapo. Jaji yeyote angetoa kibali, na kukiomba kusingechelewesha kitu. Tena masikio yalikuwapo kwa muda wa mwaka mzima, na mabomu yalilipuka. Ikiwa kulikuwa na upungufu, haukuwa upungufu wa nyaya.

Mahakama zilisemaje? Jaji wa kwanza, mwaka 2000, aliona kuwa ile miezi minane isiyo na idhini haikuwa halali, kisha akakataa kuuondoa ushahidi wake. Mahakama ya rufani, mwaka 2008, ilikwenda mbali zaidi: upekuzi ufanywao ng'ambo hauhitaji kibali cha jaji wa Marekani hata kama mpekuliwa ni raia wa Marekani, watosha ukiwa wa busara. Haki iliyopimwa katika mizani hiyo ilikuwa ya mshitakiwa peke yake. Simu ina ncha mbili, na katika ncha ya pili walikuwapo wenye maduka, majirani, jamaa na marafiki. Watu hao hawakuwa na mahakama: ya Marekani iliamua tangu mwaka 1990 kuwa mgeni aliye nje ya nchi hawezi kuishika kinga hiyo ya Katiba, na ya Kenya haikuombwa kitu ila ruhusa ya kutafuta vitu vya wizi.

Je, nyumbani mambo yamekuwa bora? Kwa maandishi, ndiyo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda mawasiliano ya kila mtu, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania yataja waziwazi hifadhi ya mawasiliano ya binafsi. Uganda ilipitisha sheria ya kunasa mawasiliano siku chache baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010. Muswada wake ulikuwa umelala tangu mwaka 2007, ukaamshwa na mshindo. Sheria hiyo, pamoja na mapungufu yake, yadai hati ya jaji. Sheria ya Kenya ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012 nayo ilimtaka polisi aende Mahakama Kuu. Lakini mwezi wa Desemba 2014 Bunge la Kenya, katika kikao cha ngumi na maji ya kumwagiana, liliongeza kifungu kiruhusucho vyombo vya usalama vinase mawasiliano kwa kufuata taratibu zitakazowekwa na waziri. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo ya marekebisho. Kifungu hiki kilisalimika.

Huko ndiko kuirudia idhini ya Kennedy ya mwaka 1963 kwa mlango wa uani. Waziri ni mmoja wa wale watakao kusikiliza; taratibu aziwekazo leo aweza kuzibadili kesho. Jaji, hata akiwa mwepesi wa kutia sahihi, huacha karatasi yenye jina, tarehe na sababu, na karatasi hiyo yaweza kuja kusomwa na watu wasiomwogopa waziri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu makosa ya jinai yaweka kikomo cha siku 30 kwa kila kibali, na yataka watajwao katika kibali waarifiwe baada ya kazi kwisha kwamba walisikilizwa. Haya si mambo magumu kuigwa. Bunge la Nairobi laweza kukifuta kile kifungu na kuyaweka haya mawili mahali pake kwa mstari mmoja au miwili, nayo mabunge ya Dodoma na Kampala yazipime sheria zao kwa kipimo hicho hicho. Kwa waliozungumza katika simu zile za Nairobi mwaka 1996 wamechelewa. Wengi wao hawajaarifiwa hata leo.