Bustani za Mtaa Si Mapambo

Makala yaliyodai kwamba bustani za jamii mjini haziboreshi afya ya mtu, bali huwavutia tu wale ambao tayari wana afya njema, yamepuuza ushahidi. Dai hilo lilipimwa Denver, Marekani. Watu wazima 291 waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa vipande vya kulima, jingine likasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: waliolima walikula nyuzinyuzi zaidi, takriban gramu 1.4 kwa siku, na msongo na wasiwasi vikawapungua zaidi. Uzito wao haukutofautiana, na hatuahidi miujiza. Lakini kura haichagui wenye afya.

Mwandishi wa makala hayo yuko sahihi kwa jambo moja: mboga zinazomwagiliwa maji yenye taka za viwanda ni hatari. Dawa yake ni kupima udongo na kufikisha maji safi, si kung'oa bustani. Kibera, Nairobi, watu hupanda sukuma wiki ndani ya magunia. Hata uhaba wa ardhi haukuwazuia. Wenye mamlaka watenge ardhi, maji na vipimo. Kuwanyima wakazi bustani kwa kisingizio cha afya yao ni kuwaumiza mara mbili.