Kahawa haina kesi, chai ya moto ndiyo tuulizane

Haya wadau, stori za bumu na za foleni ya maji hosteli tuziweke pembeni kwanza. Leo nataka ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kahawa.

Mnajua inavyokuwaga. Mtu anarusha ujumbe kwenye kundi la darasa: KAHAWA INALETA SARATANI, SAMBAZA UOKOE MAISHA. Baada ya wiki mbili mtu yule yule, bila hata aibu, anarusha mwingine: vikombe vitatu vya kahawa kwa siku vinaongeza umri. Halafu anajitokeza mjuaji (kila hosteli ina wake, wetu anasoma Historia na Kiswahili, tena ni rafiki yangu) anafunga mjadala: "Si mnaona? Hao watafiti wenyewe hawaelewani. Kula unachotaka, kufa kupo." Watu wanacheka, wanaweka vidole gumba, maisha yanaendelea.

Yule anayerusha ujumbe sina shida naye, huyo ana haraka tu. Nagombana na mjuaji. Maneno yake yanasikika ya kishujaa, kumbe ni uvivu wa kusoma.

Tuanze na hilo la "leo hivi, kesho vile", maana lina ukweli nusu. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na makao yake ni Lyon, Ufaransa, liliiweka kahawa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Hofu ilikuwa ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016 wakakaa wanasayansi 23, wakapitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaiondoa humo. Walichosema ni kwamba ushahidi hautoshi kuihukumu. Hawakusema ni dawa. Lakini pita kwenye simu zetu uone, imeshakuwa dawa ya kisukari, presha na nguvu za kiume.

Sasa kwa nini walibadilika? Sigara, jamani. Zamani wanywaji wengi wa kahawa kule Ulaya na Marekani walikuwa wavutaji pia, na sigara ndiyo inayojulikana kuharibu kibofu. Usipowatenganisha vizuri, kahawa inabeba dhambi za sigara. Kuna utafiti mmoja uliotoka Marekani mwaka 2012, wa watu kama 400,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 71, waliofuatiliwa zaidi ya miaka kumi. Ukizitazama namba zake mbichi, wanywaji wa kahawa walikufa zaidi. Ukishaondoa athari ya sigara, wanakufa pungufu kidogo. Watu ni wale wale, vifo ni vile vile, na majibu yanageuka! Anayetaka kuandika habari ya kutisha anachukua la kwanza, mwuza kahawa anachukua la pili. Na hata hilo la pili halisemi kahawa ndiyo iliyowalinda. Huenda mtu mwenye afya ndiye anayeweza kunywa vikombe vinne bila tumbo kumsumbua.

Tena hilo la tumbo lilishawahi kuwaumbua wakubwa. Mwaka 1981 watu wa Harvard, wakiongozwa na Brian MacMahon, walitangaza kwamba kahawa inahusiana na saratani ya kongosho. Walikuwa na wagonjwa 369. Wakawalinganisha na wagonjwa wengine wa madaktari hao hao, na wengi kati ya hao wengine walikuwa na matatizo ya tumbo. Sasa mwenye vidonda vya tumbo si ndiye aliyeambiwa aache kahawa? Basi lazima wenye saratani waonekane walevi wa kahawa ukiwapanga na watu wa namna hiyo. Mwaka 1986 timu hiyo hiyo ilirudia kazi, matokeo ya mwanzo hayakusimama.

Mjuaji hapa anapiga makofi. Subiri kwanza kaka. Nani aliyegundua kosa? Si wewe. Waligundua watafiti wenzao, kwa kuuliza mlimlinganisha nani na nani, halafu wenyewe wakarudi kupima upya. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni ya magari kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wapo wagonjwa waliokufa njiani. Wangapi kati yetu waliuliza swali la namna ile kabla ya kupanda gari? Sisi tatizo letu halijawahi kuwa kuamini tafiti mno.

Lakini hayo yote ni ya mbali. Kinachoniuma ni cha hapa nyumbani.

Kahawa tunaigombania ya nini wakati hatuinywi? Mapadre walianza kuipanda pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, wazee wakaanzisha chama chao mwaka 1925, KNCU ikaja 1933, na ada za shule za mlima mzima zilitoka kwenye mibuni. Kwetu Kibosho kahawa ni ya kupeleka chama. Ya kunywa ni chai. Ukitoa vijiwe vya mjini vya birika na kashata, na mikahawa ya watalii, Mchaga wa kawaida asubuhi anakunywa chai ya maziwa, tena iliyotoka jikoni sasa hivi. Mama mkubwa wangu ukimpa iliyopoa kidogo anakuangalia kama umemtukana. "Hii umenipa nioge?"

Basi, siku ile ile ya 2016 walipoiachia kahawa, IARC walitamka jambo la pili: kinywaji chochote cha moto sana, zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, yaelekea kinasababisha saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula ambayo mtaani tunaiita koo. Kiwe kahawa, chai au maji matupu. Na mwaka mmoja kabla yake, 2015, ulishatoka utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro, watafiti wa KCMC wakiwemo. Waliwapima watu 188 joto la chai wanapoanza kunywa. Wastani: nyuzi 70.6. Ilikuwa juu kuliko tafiti zote za nyuma walizojilinganisha nazo. Wanywaji wa chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko wa chai ya rangi, kwa sababu ya rangi inapoa haraka mara mbili. Asilimia 70 ya watu wa maziwa walisema wameshawahi kuungua ulimi, wa rangi asilimia 39.

Mkanda wa saratani hii unashuka kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, na sisi tumo ndani yake. Wagonjwa wengi wanafika hospitali ugali umeshagoma kupita, wanaishi kwa uji, na hapo daktari anakuwa hana mengi ya kufanya. Mwaka juzi tulimzika jirani yetu aliyeondoka hivyo. Sisemi chai ndiyo iliyomuua, sijui na siwezi kujua.

Sasa nisijifanye mjuaji namba mbili. Watu 188 ni wachache, na utafiti ule ulipima joto la chai tu, haukupima saratani. Lakini kazi haikuishia pale. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya magharibi ya Kenya: waliosema wanakunywa vya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya wale wa uvuguvugu. Mwaka 2022 yakatoka ya Malawi na Tanzania, yanaelekea huko huko. Udhaifu upo: anayeumwa koo anaulizwa akumbuke alikunywaje zamani, na moto wa kwako si moto wa kwangu. Pombe na sigara nazo zimo kwenye kesi hii, tena sana. Hata hivyo ukiniuliza kipi nikiamini kati ya kichwa cha habari cha kahawa na vidole hivi vinavyoonyesha upande mmoja kutoka nchi tatu, sihitaji kufikiria.

"Bibi yangu kanywa chai ya moto mpaka miaka 90." Najua. Na wa kwangu pia. Wapo wazee waliovuta sigara mpaka 90, na hakuna anayewaleta darasani kama ushahidi.

Mbona ujumbe huu hausambazwi? Nafikiri ni kwa sababu hauuzi kitu. Kahawa ya paketi yenye unga wa uyoga ina mtu wa kuipigia debe, anakuja mpaka hosteli na vipeperushi. "Subiri chai ipoe dakika tano" nani atalipwa kamisheni? Na haina ukombozi wa kishujaa, ni kukaa tu unaangalia kikombe huku maandazi yanaisha.

Wadau wa Ualimu, sisi ndio tutakaoulizwa na watoto wa kidato cha pili, halafu wao wataulizwa na mama zao. Mwanafunzi akija na "mwalimu, kahawa inaua?" utamjibu kufa kupo?

Mimi nimeazima kipimajoto. Jumamosi saa moja asubuhi niko kwa mama ntilie wa nje ya geti, napima chai ya maziwa ikitoka kwenye chupa, halafu kila dakika moja mpaka ishuke chini ya 65, naandika. Anayetaka kuja aje na hela yake ya chapati. Naenda, kipindi cha saa nane kinaanza.